Kukauka Si Kushika



Swali moja limekuwa likirudi katika mikutano yetu na vikundi vinavyofyatua matofali ya udongo na simiti kwa ile mashine ya kushindilia kwa mkono. Wanachama hutuuliza: "Mbona matofali yetu yanamomonyoka pembeni hata kabla ya kujengewa, na sisi tuliyaanika juani wiki mbili mpaka yakakauka kabisa?" Wengine humlaumu fundi. Wengine husema mwenye duka aliuza simiti mbaya. Katika kikundi kimoja mweka hazina alishukiwa kwamba alinunua mifuko pungufu, maneno yakawa mengi, na akina mama wawili wakaacha kuja mikutanoni. Kumbe mifuko ilikuwa kamili na simiti ilikuwa nzuri. Matofali yale yaliharibika kwa sababu yalianikwa.

Kuanika ni jambo jema kwa matope, kwa mahindi, kwa nguo na kwa samaki. Kwa simiti ni hasara. Sababu yake ni somo ambalo watoto wetu hufundishwa shuleni, nasi watu wazima tulilisahau au hatukulipata kabisa: vitu hubadilika kwa njia mbili. Kuna mabadiliko ya kimaumbile, ambapo kitu hubadilisha sura tu, na kuna mabadiliko ya kikemikali, ambapo kitu huacha kuwa kile kilichokuwa na kuwa kitu kingine.

Tuanzie jikoni

Mafuta ya mgando ukiyatia katika sufuria ya moto huyeyuka. Zima moto, uyaache mpaka asubuhi, utayakuta yameganda tena. Ni mafuta yale yale. Maji yakichemka hupanda kuwa mvuke, mvuke ukigusa kifuniko baridi hurudi kuwa matone. Ni maji yale yale. Mahindi ukiyapeleka kwa posho mili yanarudi unga, lakini unga huo ni mahindi bado, yamevunjwa tu. Haya yote ni mabadiliko ya sura.

Sasa tazama kuni chini ya sufuria. Zikiisha kuungua kuna majivu, na moshi umekwenda zake. Hakuna mtu awezaye kukusanya majivu na moshi akapata kuni tena. Vivyo hivyo maziwa yakiwa maziwa lala: sukari iliyomo imegeuzwa na vijidudu kuwa asidi, ndiyo maana yanachachuka. Na msumari ulioachwa kwenye mvua hushika kutu, na kutu si chuma tena. Ukiikwangua hutoka kama unga mwekundu.

Ndani ya vitu hivi kuna nini? Kila kitu kimefanywa kwa chembechembe ndogo sana ambazo macho hayazioni. Fikirini juu ya kikundi chenu. Mkikaa mmebanana ukumbini, au mkitawanyika chini ya mwembe, au mkitembea barabarani kwenda kwenye harambee, ni kikundi kile kile. Mmebadilisha mkao tu. Hivyo ndivyo chembe za maji zinavyofanya katika barafu, katika maji na katika mvuke. Lakini siku kikundi kikivunjika, wanachama wakaachana, kila mmoja akaungana na watu wa kikundi kingine, wakaandika katiba mpya na kuchagua viongozi wapya, hapo watu ni wale wale lakini vikundi si vile. Hilo ndilo badiliko la kikemikali. Hakuna mtu aliyepotea, ila ameshikana na wengine. Hata kuni hazikupotea: ungeweza kukamata moshi wote na hewa yote iliyotoka, ukapima pamoja na majivu, usingekuta uzito umepungua.

Watu wengi hufundishwa kipimo kimoja: "Je, kinaweza kurudi?" Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukikoroga chumvi katika maji haionekani tena, na mtu anaweza kusema imekwisha. Lakini huko Ngomeni na Gongoni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huingizwa katika madimbwi mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki chini kama ilivyokuwa. Haikuisha, ilijificha tu.

Hata hivyo kipimo hiki hudanganya wakati mwingine. Unga haurudi kuwa punje za mahindi, na bado si badiliko la kikemikali. Mapovu nayo hudanganya: maji yakichemka hutoa mapovu, na ni maji tu, lakini ukitia limau juu ya magadi mapovu yanayotoka ni hewa mpya ambayo haikuwepo. Kwa hiyo swali lililo bora ni hili: kilichopo sasa mbele yangu, ni kitu kile kile au ni kingine? Tukilishika swali hilo tunaweza kwenda uwanjani kwenye matofali.

Matofali ya aina tatu

Tofali la kwanza ni la matope yaliyokaushwa juani. Hapa maji yametoka, basi. Udongo ni ule ule wa shambani. Ndiyo maana nyumba ya matofali hayo huhitaji paa lenye mapana na msingi wa mawe, kwa kuwa mvua ikiipiga, udongo hunywa maji yake tena na kurudi kuwa matope. Hatusemi tofali hili ni baya. Ni rahisi, halimalizi miti, na likikingwa na maji hudumu miaka mingi. Ila lazima mjue ni nini mliyo nayo.

Tofali la pili ni la kuchomwa. Katika tanuri mambo mawili hutokea, moja baada ya jingine, na ni vizuri kuyatofautisha. Kwanza hutoka maji ya kawaida yaliyobaki ndani ya tofali. Hili ni badiliko la kimaumbile, na lina hatari yake: ukiwasha moto mkali mara moja, maji hayo hugeuka mvuke ndani ya tofali, mvuke unatafuta njia, na tofali hupasuka. Mafundi wazoefu huanza na moto mdogo, hata usiku kucha, wakingoja moshi mweupe mzito upungue. Baadaye, joto likipita nyuzi kama 500, udongo wenyewe huanza kubadilika asili. Kuna maji mengine ambayo yalikuwa yamefungwa ndani ya chembe za mfinyanzi, si unyevu wa kuguswa. Hayo nayo hung'oka, na chembe hujipanga upya. Kutoka hapo hata ukilitupa mtoni halirudi kuwa matope. Ni kitu kingine, jamaa ya chungu.

Shida ni kwamba katika tanuri zetu za kijijini moto haufiki kila mahali sawa. Matofali ya nje na ya juu mara nyingi hukauka tu, hayaivi. Muuzaji atakuambia yote ni mekundu. Lakini rangi si ushahidi. Udongo wa Murang'a ni mwekundu tangu shambani! Gongeni matofali mawili pamoja: lililoiva hulia kama chuma, lisiloiva hutoa sauti nzito, iliyokufa. Na kama bado mna shaka, tumbukizeni moja katika ndoo ya maji jioni, mlitazame asubuhi. Lile ambalo halikubadilika asili litakuwa limelegea au limeacha tope chini ya ndoo. Fanyeni hivyo kabla ya kulipa, si baada ya lori kuondoka.

Tofali la tatu ndilo lililoleta ugomvi, la udongo uliochanganywa na simiti kidogo, mara nyingi kati ya sehemu 5 na 10 katika kila 100, kisha likashindiliwa kwa mashine. Kwa macho linafanana na lile la matope. Lina unyevu, lina rangi ya udongo, linapangwa kwa mistari. Basi mtu mwenye bidii hufanya kama alivyozoea, analianika juani ligeuke gumu.

Simiti hunywa maji

Hapa tunaomba msome polepole. Simiti haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kushikana na maji. Unga ule wa kijivu ulitengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo katika joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha ukasagwa. Ukikutana na maji, chembe zake huachana na kuungana na chembe za maji, na hapo huzaliwa kitu kipya, nyuzinyuzi ngumu ndogo sana ambazo huingiliana kama mizizi ya nyasi na kukamata mchanga na kokoto. Mkigusa zege nene lililomwagwa asubuhi mtaona lina joto. Joto hilo halikutoka juani, limetoka katika kazi hiyo. Simiti hushika hata chini ya maji. Nguzo nyingi za madaraja zilimwagwa hivyo. Kama ingekuwa ni kukauka, ingewezekanaje?

Maji yanayofungwa humo kabisa ni kama robo ya uzito wa simiti, yaani karibu kilo 12 kwa mfuko wa kilo 50. Fundi huweka zaidi ya hapo ili mchanganyiko ulainike, lakini akiweka mengi kupita kiasi, yale ya ziada hutoka baadaye na kuacha vitundu, na kazi huwa dhaifu.

Sasa mkianika tofali la simiti juani, jua na upepo huyanyang'anya maji kabla simiti haijayatumia. Kazi ya ndani inasimama njiani. Tofali linaonekana gumu, ndiyo, kwa sababu udongo wake umekauka. Lakini ni ugumu wa matope. Mvua ya kwanza itawaonyesha. Na simiti ambayo ingelishika imebaki humo bila kufanya kazi mliyoilipia.

Kwa hiyo tofali likitoka mashineni, liwekeni kivulini, mlifunike kwa nailoni, au kwa magunia au nyasi zilizolowanishwa. Kutoka siku ya pili lirushieni maji taratibu, asubuhi na jioni, kwa siku 7 angalau. Msijenge nalo mapema. Simiti hupimwa nguvu zake baada ya siku 28, na wenye subira hungoja siku hizo. Siku hizi simiti nyingi madukani, ile iliyoandikwa 32.5 katika mfuko, imechanganywa na unga wa mawe ya volkano. Ni nzuri kwa kazi hii na bei yake ni nafuu, lakini hushika polepole, kwa hiyo inahitaji kulowanishwa siku nyingi zaidi, si chache. Na maji haya ya kunyunyiza yahesabiwe katika mpango wa kazi. Tumeona kikundi kinakubaliana zamu za kufyatua lakini hakuna aliyepangiwa kuchota maji, na mtoni ni mwendo wa saa nzima.

Ni vivyo hivyo kwa tangi la maji la simiti, ambalo vikundi vingi vya Kitui na Makueni vimejenga. Plasta ya ndani ikiachwa na jua siku ya kwanza hupata nyufa ndogo kama utando wa buibui, na tangi linavuja milele. Fundi akisema, "Wacheni likauke kwanza," mwambieni kwa heshima, "Fundi, tunataka lishike kwanza."

Kuna mambo mawili zaidi yanayotokana na hilo. Mchanganyiko ukikorogwa kazi ya kushika imeanza, hata kama watu wamekwenda kunywa chai. Korogeni kiasi kinachoisha kwa muda wa saa moja hivi. Ukianza kuwa mgumu, kuongeza maji hakuurudishi; unalainika kwa macho tu, kwa kuwa nyuzi zilizokwisha kushikana mmezivunja. Na mfuko uliokaa sakafuni katika stoo yenye unyevu ukapata maboonge, maboonge hayo si simiti iliyogandamana kama sukari. Imekwisha kushika. Kuyaponda na kuyachekecha upya ni kupata unga wa mawe. Yale laini yanayovunjika kwa vidole yanaweza kutumika kwa kazi ndogo isiyobeba uzito, lakini magumu yatieni kwenye kifusi. (Na mikono yenu je? Simiti mbichi huunguza ngozi kikemikali, si kwa joto, kwa hiyo vaeni glavu au nailoni na mnawe mara kwa mara.)

Ndugu zetu wa Pwani walilijua jambo hili kabla ya viwanda. Huko Lamu, na katika magofu ya Gedi, mawe yalishikanishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe ya bahari. Matumbawe yalichomwa katika lundo la magogo mpaka hewa ukaa ikatoka, ikabaki chokaa. Chokaa hiyo ikitiwa maji hufoka na kutoa joto. Kisha ukutani, polepole sana, hunyonya hewa ukaa kutoka hewani na kuwa tena jiwe la aina ile ile iliyotoka baharini. Kumbe kuna badiliko la kikemikali ambalo mwishowe hurudi lilikotoka! Ndiyo maana tulisema kipimo cha kurudi hakitoshi.

Mahindi yaliyonyeshewa

Liko jambo jingine ambalo kutojua tofauti hii kumeleta misiba. Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, na 125 kati yao walifariki.

Kukausha mahindi ni badiliko la kimaumbile, na ni jema. Punje hutoa maji na kubaki mahindi. Mahindi yaliyokauka mpaka unyevu wa sehemu 13.5 katika 100 huhifadhika. Lakini yakikaa na unyevu, kuvu huota, na kuvu hula. Kinachokula hugeuza chakula kuwa vitu vingine, na kimojawapo ni sumu ambayo haikuwepo mwanzoni. Hapo tumetoka katika sura tukaingia katika asili.

Mama anafungua gunia, anaona ukungu wa kijani, anasema, "Haya yameshika unyevu tu, nitayaanika tena." Atayaanika, ukungu utakauka na kupukutika, mahindi yatang'aa. Sumu imebaki. Jua limeondoa maji, na sumu si maji. Atayaosha: sumu imo ndani ya punje. Atayachemsha githeri saa tatu: maji ya kuchemka hayazidi nyuzi 100, na joto hilo halitoshi kuivunja. Kuyasaga ndiko kubaya zaidi, maana punje chache mbovu husambaa katika unga wote, na unga hauwezi kuchambuliwa. Kuyapeleka kwa pombe hakuyasafishi. Kukoboa muthokoi hupunguza, kwa sababu sehemu ya sumu iko katika ganda, lakini hakumalizi. Wala msidhani mtaitambua kwa harufu au ladha. Mahindi yaliyoota ukungu msiwape ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu yake hupita mpaka kwenye maziwa ya mtoto.

Basi kazi yote iko kabla ya badiliko hilo. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kufunga gunia, pimeni kwa chupa. Chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mtie mahindi mpaka theluthi yake, mwongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Mtikise kwa nguvu dakika moja au mbili, muiache robo saa. Chumvi ikiganda katika kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi 15 katika 100, hayafai kufungwa. Isipoganda, yako chini ya 15, ambayo bado si 13.5, kwa hiyo yapeni jua siku moja au mbili zaidi, kisha mpime tena kwa punje zilizotoka katikati ya rundo, si za juu.